Mafuta mawili ya bangi na mofini iliyosingiziwa: uchambuzi wa kisa kimoja, Bombo

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia wauguzi, matabibu na familia zinazouguza mgonjwa nyumbani. Mgonjwa mwenyewe hayupo, lakini dozi, dalili na namna dawa zinavyogongana mwilini ni zile zinazojulikana katika tiba.

Mgonjwa na dawa zake

Mama wa miaka 61, mjane, kilo 48, anaishi Bombo, Uganda, na binti yake na wajukuu. Nyumbani wanamwita Hajati. Ana saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea. Mionzi alimaliza, na sasa yuko kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso pale ugonjwa usipopona tena.

Anakunywa mofini ya maji ya kijani, ile ya miligramu 5 katika mililita 5. Kipimo chake ni mililita 10 saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni, kisha mililita 20 saa 4 usiku ili alale hadi alfajiri. Jumla ni miligramu 60 kwa siku. Kila usiku anameza amitriptilini ya miligramu 25 kwa maumivu ya neva, yale yanayomshuka mguu wa kushoto kama umeme. Ana parasetamoli, na bisakodili ya kusaidia kupata choo.

Alama ya maumivu wiki ile ilikuwa 7 kati ya 10, na chakula alikuwa hakitaki. Alama ya 7 mtu akiwa tayari kwenye mofini maana yake dozi haijamtosha. Kama ingepandishwa siku hizo, chupa za mafuta ya bangi zilizofuata huenda zisingefunguliwa. Familia hutafuta dawa ya pembeni pale ile ya kwanza inapoonekana kushindwa, na hakuna haki ya kuwalaumu kwa hilo.

Kijana wake anayefanya kazi nje ya nchi akaleta chupa mbili. Ya kwanza imeandikwa THC, kemikali ya bangi inayolevya, miligramu 20 kwa mililita, chupa ya mililita 10. Ya pili imeandikwa CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, 10%, chupa ya mililita 30. Asilimia 10 ya mafuta ni miligramu 100 kwa kila mililita. Hesabu hiyo ndogo haikufanywa na mtu yeyote mle nyumbani, na hapo ndipo mkasa ulipoanzia.

Siku sita, kama zilivyo kwenye daftari

Mjukuu mmoja, mwanafunzi wa sekondari, ndiye anayeandika dawa za bibi yake kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Mistari yake ilikuja kuwa na thamani kuliko kipimo chochote cha maabara.

Jumatano, saa 2 usiku: robo mililita ya mafuta ya THC, yaani miligramu 5. Saa 2 na dakika 45 hakuna alichosikia, akaongezewa robo nyingine. Saa 4 usiku akanywa mofini na kumeza amitriptilini kama kawaida. Karibu na saa 5 moyo ukaanza kwenda mbio, akashikwa na hofu, akasema kitanda kinaelea.

Alhamisi binti yake alisoma kwenye simu kwamba CBD hupoza ukali wa THC. Tangu siku hiyo Hajati akawa anapewa nusu mililita ya THC usiku, na mililita moja ya CBD mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, hasa mchuzi mzito wa karanga kwa sababu ndicho kitu pekee alichokubali kula.

Jumamosi alilala mchana kutwa. Jumapili asubuhi hakumtambua mjukuu wake, na akaanguka akienda chooni. Jirani mkunga aliitwa saa 5 asubuhi. Alihesabu pumzi kwa dakika nzima na kumulika macho kwa tochi ya simu. Daftari linasema: "pumzi 16, mboni kubwa."

Familia ikakata shauri kwamba mofini ndiyo iliyomlevya. Ilisimamishwa siku hiyohiyo. Mafuta yaliendelea, kwa kuwa ni ya mmea.

Jumatatu usiku maumivu yalifika 9. Akatoka jasho, akapiga miayo mfululizo, makamasi yakachuruzika na tumbo likaharisha. Hiyo ni ile hali ambayo mitaani huitwa arosto: mwili uliozoea mofini umenyimwa ghafla.

Ukaguzi wa Jumanne

Joto 36.8. Pumzi 18 kwa dakika. Oksijeni 96%. Mapigo 116. Presha akiwa amelala 126/78, akisimama dakika mbili 96/60 na kizunguzungu. Ulimi umekauka kabisa. Chini ya kitovu kuna uvimbe unaogusika, kibofu kimejaa. Mpira wa mkojo ulitoa mililita 700. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, sukari 5.9, kreatinini (kipimo cha figo) na kalsiamu viko kawaida.

Vipimo hivi viwili vya mwisho havikufanywa kwa mazoea tu. Saratani ya mlango wa kizazi huweza kubana mirija ya mkojo, figo zikachoka, na mabaki ya mofini yanayopaswa kutoka kwa mkojo yakajilimbikiza. Hapo mofini ileile ya siku zote inakuwa nyingi. Kalsiamu iliyopanda nayo huleta usingizi na kuchanganyikiwa. Ukiruka vipimo hivi ukaenda moja kwa moja kulaumu mafuta, utakuja kumpoteza mgonjwa mwingine mwenye figo zilizoziba.

Kilichoiondolea mofini lawama ni ule mstari wa Jumapili. Aliyezidiwa na mofini mboni zake huwa ndogo kama ncha ya pini, na pumzi hushuka hadi 10 au chini yake. Hajati, akiwa bado ndani ya dozi kamili ya mofini, alikuwa na pumzi 16 na mboni pana. Mboni za Jumanne hazingetusaidia, kwa sababu arosto nayo hupanua mboni. Kazi ya mkunga yule ilichukua dakika mbili, na uchunguzi wote umesimama juu yake.

Kosa la kwanza: dakika 45

THC inayomezwa haina haraka. Inapita tumboni, inapita kwenye ini, na ini linaigeuza kuwa 11-haidroksi-THC, ambayo nayo inalevya. Kileo huanza kusikika kati ya dakika 30 na 90, hufika kileleni baada ya saa 2 au 3, na hudumu saa nyingi. Anayevuta hupata jibu ndani ya dakika chache, ndiyo maana kipimo cha mvutaji hakimfai anayemeza. Dozi ya pili ya dakika 45 iliingia wakati ya kwanza bado iko njiani, zikafika kileleni zikifuatana kwa karibu. Miligramu 10 usiku wa kwanza, kwa mama wa kilo 48 ambaye hajawahi kuitumia, ni nyingi. Nchi zenye tiba hii kisheria huanza na miligramu 2.5, na kwa wazee au wadhaifu hata 1.

Kosa la pili: CBD ya kupoza

Hapa ndipo tunapotaka kukaa, kwa sababu wazo la kwamba kemikali za bangi hushirikiana lina ukweli ndani yake, na ukweli huo umetumiwa vibaya.

THC iligunduliwa muundo wake mwaka 1964 na Yechiel Gaoni na Raphael Mechoulam huko Israeli. Kipokezi cha CB1, kilichojaa kwenye ubongo, ndicho kinachoiitikia na kuleta kulewa, hamu ya kula, nafuu ya kichefuchefu na ya baadhi ya maumivu. CBD haikai pale THC inapokaa. Hukigusa kipokezi hicho pembeni na kukifanya kiitike kwa unyonge. Mwaka 1998 Mechoulam na wenzake walionyesha kwamba kemikali za mwilini ambazo peke yake hazifanyi kitu zinaweza kuipa nguvu kemikali nyingine inayofanya kazi, na wazo hilo baadaye likahamishiwa kwenye mmea mzima. Kuna hata jaribio la mwaka 2010 kwa wagonjwa 177 wenye maumivu ya saratani: dawa ya kupulizia mdomoni yenye THC na CBD karibu sawa kwa sawa ilishinda dawa bandia isiyo na kitu ndani, na THC peke yake haikushinda. Majaribio makubwa zaidi yaliyofuata kwa dawa hiyohiyo hayakufikia lengo lake kuu, jambo ambalo wauzaji wa mafuta hawalisemi.

Sasa tazama uwiano. Puliza moja ya dawa ile ina miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD. Hajati alikuwa anapata 10 za THC na 200 za CBD kwa siku: moja kwa ishirini. Miligramu 200 kwa kilo 48 ni zaidi ya 4 kwa kilo. Dawa rasmi ya CBD ya kifafa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, huanzia miligramu 5 kwa kilo kwa siku. Kwa maneno mengine, alichopewa kama kipoozeo kilikuwa karibu na dozi ya kuanzia ya dawa nzito ya kifafa, bila mtu wa kuangalia ini wala dawa nyingine anazomeza.

Kisha chakula. CBD hupenda mafuta. Ikimezwa na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu huweza kufika mara 4 ya kile cha mtu mwenye njaa. Mchuzi wa karanga ulifanya kazi ambayo hakuna aliyeutuma.

Ushirikiano mkubwa zaidi kati ya CBD na THC inayomezwa haufanyiki ubongoni. Unafanyika kwenye ini. Vimeng'enya CYP2C9 na CYP3A4 ndivyo vinavyoivunja THC. CBD nyingi huvizuia. Mfano wa karibu ni geti la Old Taxi Park pale Kampala saa za jioni: teksi moja ikisimama kukatiza geti, hazitoki zote, hata zile zisizo na ugomvi nayo. THC na ile 11-haidroksi hubaki kwenye damu kwa wingi na kwa muda zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa watu wazima 18 keki zenye THC miligramu 20. Zilipoongezwa CBD miligramu 640, THC kwenye damu ilikaribia kuongezeka mara mbili, 11-haidroksi-THC ikapanda kupita hapo, na washiriki wakalewa na kuhangaika zaidi. Dozi ile ni kubwa kuliko ya Hajati, lakini ilitolewa mara moja tu. Yeye alipewa siku baada ya siku, juu ya mafuta ya karanga.

Je, kwa mvutaji ambaye ini halihusiki sana CBD hupoza? Utafiti wa London wa mwaka huohuo uliwapa watu 46 mvuke wa THC miligramu 10 pamoja na CBD 0, 10, 20 au 30. Hakukuwa na uwiano hata mmoja uliopunguza madhara ya THC. Kwa hiyo ushauri aliousoma binti kwenye simu haukuwa na mguu wa kusimamia, kwa kuvuta wala kwa kumeza.

Kosa la tatu, ambalo hakuna aliyeliona: kidonge cha usiku

Ulimi mkavu, mapigo ya mbio, mboni pana, kibofu kisichotoa mkojo, presha inayodondoka mtu akisimama, kuchanganyikiwa. Ukimsomea tabibu mzoefu orodha hii bila kumwambia lolote kuhusu bangi, atakujibu: amitriptilini imezidi.

Naye atakuwa sahihi. Amitriptilini huvunjwa na CYP2C19 na CYP2D6. CBD ni mzuiaji hodari wa CYP2C19. Kidonge kimoja cha miligramu 25 kiliendelea kumezwa kila usiku, lakini kile cha jana kilikuwa hakijatoka. Baada ya siku nne au tano mwili ulikuwa unabeba mzigo wa vidonge kadhaa. Ongeza THC, ambayo nayo huharakisha mapigo, hukausha mdomo na kushusha presha ya kusimama, upate mtu anayeanguka njiani kwenda chooni.

Mofini hupita mlango mwingine wa ini, kimeng'enya UGT2B7. Maabara zimeonyesha CBD inaweza kukigusa hicho pia, kwa hiyo hatuwezi kuiondoa mofini kabisa kwenye hesabu ya usingizi. Lakini dalili zilizompeleka chini hazikuwa zake.

Kuhusu harufu na majani

Chupa ya THC ilijisifu kuwa na terpini, yaani mafuta ya harufu: mirisini, limonini, beta-kariofilini. Hiyo ya mwisho ipo pia kwenye karafuu na pilipili manga, na kweli hukiamsha kipokezi kingine cha bangi, CB2. Lakini majaribio kadhaa ya seli hayakuona terpini za kawaida zikibadilisha namna THC inavyokishika CB1. Limonini ilipunguza wasiwasi wa THC katika utafiti mmoja wa mwaka 2024, kwa kuvuta mvuke, miligramu 15 kwa 30 za THC. Tone la mafuta lina sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Hatungebadilisha dozi ya mgonjwa hata kidogo kwa sababu ya terpini.

Wapo wanaopika njaga, yaani bangi yenyewe, nyumbani kwenye mafuta ya simsim. Ua bichi lina THCA isiyolevya. Joto ndilo linaloigeuza, na kila miligramu 100 za THCA hutoa THC isiyozidi 88. Ua hujui lina asilimia ngapi, na moto wa sigiri haupimiki. Chupa yenye lebo angalau unaweza kuikokotoa.

Tulichofanya, kwa mpangilio wake

Mafuta yote mawili yalisimamishwa siku ileile. CBD inayotumiwa mfululizo hupungua nusu kwa muda wa karibu siku mbili na nusu, kwa hiyo geti la ini halifunguki keshoyake. Inachukua karibu siku 12 kuisha. Kosa la kawaida ni kusimamisha mafuta halafu kurudisha dawa nyingine zote kamili siku ya pili.

Amitriptilini ilisimamishwa pia. Mpira wa mkojo ulikaa siku mbili. Godoro liliwekwa chini, na beseni karibu, asisimame usiku peke yake.

Mofini ilirudishwa, lakini si kwa kipimo cha zamani. Mwili uliokaa siku mbili bila mofini, wenye CBD bado ndani, unaanzishwa chini: miligramu 5 kila saa 4, na nyingine 5 kila maumivu yanapochomoza katikati. Binti alifundishwa kuhesabu pumzi kwa dakika nzima kabla ya kila dozi. Zikiwa 10 au chini, dozi haitolewi na simu inapigwa. Baada ya saa 24 arosto ilikuwa imekwisha na kipimo kikarudi 10. Siku ya tano kikapanda hadi 15, kipimo ambacho pengine alikuwa anakihitaji tangu mwanzo.

Kulikuwa na jambo la sheria. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2023, iliyopitishwa baada ya Mahakama ya Katiba ya Uganda kuitengua ile ya mwaka 2015, inakataza kulima, kuuza na kumiliki bangi bila ruhusa. Familia iliambiwa hivyo wazi, bila vitisho. Muuguzi anayeuliza kwa sauti ya polisi hataambiwa kitu, na safari ijayo chupa itafichwa chini ya kitanda. Swali linalofanya kazi ni: "Mama, nyumbani mmejaribu kitu gani kingine kumsaidia? Hata cha mitishamba."

Mgonjwa tofauti, mgongano uleule

Kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader, wengi wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa hunywa valproeti, dawa ya kifafa. Ukiongeza CBD juu yake, vimeng'enya vya ini kwenye damu huweza kupanda kwa hatari. Vipimo vya ini hufanywa kabla ya kuanza na tena baada ya mwezi. Mwenye kifafa anayetumia klobazamu hupata kingine: zao la dawa hiyo huvunjwa na CYP2C19, huweza kupanda mara 3, na mtoto akalala siku nzima.

Mgonjwa wa kifua kikuu ni kinyume. Rifampisini huongeza vimeng'enya badala ya kuvizuia, hivyo THC na CBD hupungua kwenye damu na mtu huongeza matone akitafuta nafuu. Hatari inakuja dawa za kifua kikuu zinapokwisha: ndani ya wiki chache vimeng'enya hurudi kawaida, na matone yaleyale yanakuwa mengi mno.

Siku ya 14

Hajati anamtambua kila mtu. Presha akisimama ni 118/74, mkojo unatoka wenyewe. Maumivu ni 3 kwa mofini ya miligramu 15, ila ule umeme wa mguu umeanza kurudi usiku, hivyo amitriptilini imeanzishwa upya kwa nusu kidonge, miligramu 12.5. Jioni huomba atandikiwe mkeka nje.

Mjukuu amechora safu mpya kwenye daftari la miraba, kati ya "dawa" na "maumivu". Ameiandika kwa kalamu nyekundu: "kitu kingine alichokunywa leo".